Kupanda milima ya Kigoma na gari, kuweka hema na kupumzika bila presha

Mtu akisikia Kigoma anawaza ziwa, dagaa, mawese na treni, basi, amemaliza. Sasa we siku moja ukifika njia panda ya Mwandiga lipe ziwa mgongo afu inua macho, ile milima inayopanda kwenda mpaka mpakani na Burundi ndo nnayotaka kuiongelea hapa, maana ina kila kitu ambacho mwenye gari ya foo wili na hema anakitafuta, baridi safi, njia za vumbi zinazojikunja kwenye kahawa na migomba, mabonde, vijito, watu wakarimu, na bado iko karibu kiasi kwamba unaondoka mjini Jumamosi asubuhi na Jumapili mchana umesharudi umeoga.

Ila kuna jambo moja nalisimamia kabisa na nalitanguliza: siku ya mlimani inakuwa ya kupumzika pale tu unapokubali kwenda sehemu moja. Mgongo mmoja wa mlima, njia moja ya kupanda, sehemu moja ya kulala. Wanaopanga mchana Kalinzi, jioni Manyovu, kesho Kasulu afu wapitie Uvinza kuona chumvi, hao wanarudi wamechoka kuliko walivyoondoka, gari inagonga kila kona na mlima wenyewe hawajaukalia hata saa moja.

Sababu ni umbile la huku kwetu. Ziwa Tanganyika liko mita 773 hivi juu ya usawa wa bahari na kina chake kinafika karibu mita 1,470, yani ni shimo kubwa la Bonde la Ufa, tawi la magharibi, na hii milima ndo ukingo wa hilo shimo. Kwahiyo hamna mteremko wa taratibu, ardhi inainuka ghafla, ndani ya kilomita chache tu unakuwa umeshapita mita 1,500. Njia ya kijijini ya kilomita kumi ambayo ukiwa Tabora ungeimaliza kwa dakika ishirini maana kule ni tambarare, huku inaweza kukula saa moja na nusu mpaka mbili, na haina shida kabisa kama ulishaipangia hivo. Mi nashauri nje ya lami usipange zaidi ya kilomita 15 kwa siku. Ukipanga hivo unapata muda wa kusimama, kushuka, kuongea na watu, kuchemsha chai.

Wapi sasa. Barabara ya Mwandiga kwenda Manyovu ni lami, kama kilomita 60, inapita Bitale, Kalinzi na kuendelea, na uzuri wake ni kwamba inakupandisha juu bila kuichosha gari, we unaingia njia za vumbi ukiwa tayari umeshafika kwenye baridi. Njia za pembeni ziko nyingi, nyingi zinaenda kwenye vijiji na mashamba. Upande wa magharibi wa barabara kuna migongo inayoangalia ziwa, upande wa mashariki unaingia mabonde ya Buhigwe. Kasulu nako, Heru Juu, kuna miinuko mizuri. Upande wa Masito kusini ni pori la miombo, ni pazuri lakini ni safari nyingine kabisa, mbung'o wapo, vijiji viko mbali mbali, sio pa kuanzia.

Na naomba hili lieleweke vizuri maana watu huwa wanauliza: Gombe huendi na gari. Hifadhi iko kama kilomita 16 kaskazini ya mji, inafikika kwa boti, na ndani unatembea kwa miguu. Mahale nayo ndani ni kwa miguu. Kwahiyo usimsikilize mtu anayekwambia kuna njia ya kushukia Gombe kwa juu. Mpaka wa hifadhi kwa mashariki unafuata mgongo wa milima, na nje ya mpaka kuna misitu ya hifadhi ya vijiji ambayo wananchi wenyewe wameitenga. Hiyo milima miaka ya mwanzo ya 1990 ilikuwa imeshakuwa mitupu kwa kukatwa miti, mradi wa TACARE wa Taasisi ya Jane Goodall ukaanza 1994 kufanya kazi na vijiji, na sehemu nyingi ambazo leo unaona kichaka kinachipua ni jasho la watu wa miaka na miaka. Ukipitisha tairi pale kwa sababu tu gari inaweza kupita, unaharibu kitu ambacho wenzako wamekivumilia kikue. Pita kwenye njia ambayo tayari ni njia, basi.

Kuhusu msimu, mi chaguo langu ni mwisho wa Mei na Juni. Mvua zinakuwa zimekata, njia zimekauka, majani bado kijani, na hewa bado haijajaa moshi. Ukisogea mpaka Agosti na Septemba mapori yanachomwa kila kona, ukungu wa moshi unatanda, unafika juu kabisa na ziwa hulioni, wakati siku ya hewa safi unaiona hadi milima ya Kongo ng'ambo kule. Kuanzia Oktoba mvua zinarudi, na udongo mwekundu wa huku ukilowa unateleza kama sabuni, hata gari ya foo wili inaanza kwenda ubavu ubavu. Sijasema msiende msimu wa mvua, ila ukienda nenda na mtu mzoefu na uwe tayari kukaa palepale ulipo mpaka njia ikauke. Jua la saa mbili tatu linabadilisha njia kabisa, kwahiyo kusubiri ndo ufundi wenyewe, na pia ukipita kwenye tope unaacha mifereji ambayo mvua ijayo inaigeuza korongo, afu anayeumia ni mwenye pikipiki wa kile kijiji anayebeba mgonjwa au kahawa.

Kitu kingine cha kupangia ni jua lenyewe. Kigoma tuko magharibi kabisa ya nchi lakini saa ni ileile ya Dar, kwahiyo jua linachelewa kuchomoza na linachelewa kuzama, jioni giza linaingia saa moja na kidogo. Mgeni kutoka Dar anaona kama kaongezewa muda wa jioni. Tumia hiyo faida, ila usiipigie hesabu ya kuendesha, mi huwa nasema saa kumi jioni gari iwe imezimwa na hema linasimamishwa. Na angalia mwezi. Ukitaka kutembea usiku bila tochi nenda mwezi mpevu, ukitaka kuona kitu cha Kigoma hasa nenda kwenye giza, maana wavuvi wa dagaa wanatumia taa kuwavuta na mwezi ukiwa mkubwa taa hazifui dafu, kwahiyo usiku wa giza ndo ziwa linajaa taa na kutoka juu ya mgongo unaoangalia ziwa unaziona zote. Ila ulizia kwanza kama ziwa limefunguliwa, mwaka 2024 uvuvi ulifungwa kuanzia 15 Mei mpaka 15 Agosti ili samaki wazaliane, na miezi ya kufungwa taa huzioni na dagaa wabichi sokoni ni shida.

Sasa ruhusa, na hapa naomba usipite haraka haraka. Ile milima sio pori la mtu yeyote, kila kipande kina mwenyewe, ni shamba la fulani, ni ardhi ya kijiji, ni msitu wa hifadhi, au ni hifadhi ya taifa. Msitu wa serikali unaombea kibali TFS, yani Wakala wa Huduma za Misitu, hifadhi ya taifa ni TANAPA, na kwenye ardhi ya kijiji unaenda kwa mtendaji au mwenyekiti wa kijiji. Usiende ukiwa umeshachelewa na giza linaingia, fika mchana, zima gari mbali kidogo, shuka, vua miwani, salimia. Huku watu wanasalimiana kwa kirefu, ukikimbilia shida yako kabla salamu haijaisha unaonekana huna adabu. Ukijua Kiha kidogo ndo unafungua mioyo, asubuhi "mwakeye", mchana "mwidiwe", wanacheka wanafurahi hata kama umetamka vibaya.

Afu unaongea wazi tu.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, karibuni. Mnatokea wapi?"

"Tunatokea Kigoma mjini mzee, tuko wanne, tuna gari moja na hema mbili. Tunaomba kulala usiku mmoja tu pale juu, kesho asubuhi tunaondoka. Tumeona tuje kwako kwanza."

"Mmefanya vizuri kuja. Pale juu ni shamba la mtu, ngoja nimtume kijana akawapeleke kwa mwenyewe."

Ukishapewa huyo kijana mshukuru Mungu, maana ndo ramani yako. Anajua daraja lipi la miti limeoza, anajua maji yako wapi, anajua wapi siafu wanapita. Mpatie chakula, mpe posho yake ya haki mliyokubaliana mapema, na kama mwenye shamba au kijiji wana mchango wao toa na omba risiti kama ni wa kijiji. Watoto watakuja kuangalia gari, wasalimie, ila usigawe pipi wala hela barabarani, inawafundisha kukimbilia magari na siku moja mtu anagongwa.

Vitambulisho lazima. Tuko mpakani, kwahiyo kila mtu awe na kitambulisho cha NIDA, dereva leseni, mgeni wa nje ya nchi pasi yake na viza, na ukisimamishwa na watu wa uhamiaji au askari jibu kwa utulivu unatoka wapi unaenda wapi unalala wapi, wapo kazini. Njia za panya zinazovuka kwenda Burundi usiziguse, hata kama kijana anakwambia ni hapo tu. Na simu yako ikiwa karibu na mpaka inaweza kudaka mtandao wa Burundi, kwanza inakula salio, pili saa inarudi nyuma saa nzima maana wao wako nyuma yetu kwa saa moja, kwahiyo kwenye seting zima kuchagua mtandao kiotomatiki na saa iweke kwa mkono. Kabla ya kuondoka mwachie mtu mmoja nyumbani jina la kijiji unachoenda na saa utakayorudi.

Tuje kwenye gari. Hauhitaji gari ya milioni mia. Hilux ya zamani, Land Cruiser mkonga, Prado, Suzuki Jimny, zote zinafaa tena Jimny kwa wepesi wake inapita sehemu ambazo kubwa zinahangaika. RAV4 na wenzake itakufikisha kwenye njia za kawaida za kijijini wakati wa kiangazi, ila haina gia ya 4L, ile foo wili ya mwendo mdogo yenye nguvu, kwahiyo miteremko mikali iache. Wiki ya kabla, peleka gari gereji, waangalie breki na mafuta ya breki, rejeta na mipira yake, feni beti, shokapu, bushi, hendibreki ishike kweli. Jaza mafuta mjini au Mwandiga, usitegemee ya kwenye chupa njiani. Beba spea iliyojaa upepo, jeki, spana ya nati za tairi, ubao mnene wa kuwekea jeki maana kwenye udongo inazama, pampu ya upepo ya kuchomeka kwenye gari na geji yake, chepe, panga, kamba nzuri ya kuvutia, na maji ya ziada ya rejeta. Ukiweza muwe magari mawili, raha inaongezeka na hofu inaisha.

Upepo wa tairi ndo siri ambayo watu wengi hawaijui na ni ya bure. Gari nyingi za aina hii kwenye lami zinakaa 32 mpaka 35 kwa kipimo cha PSI kinachoonekana kwenye geji. Ukiacha lami simama, shusha mpaka kama 25, utashangaa gari ilivyotulia. Tairi laini linajilaza juu ya jiwe badala ya kuruka, linashika udongo eneo kubwa zaidi, na hata pancha zinapungua. Ukikwama kwenye tope au mchanga unaweza kwenda mpaka 18 au 20 ili kujitoa tu. Ila sharti lake ni spidi, usizidi 40, usikate kona kwa kasi, na kabla ya kurudi lami lazima ujaze tena, tairi lenye upepo mdogo likikimbia linapata moto ubavuni na linapasuka.

Kama gari yako ina zile frii wili za kufunga kwa mkono kwenye tairi za mbele, zifunge hapohapo unaposhusha upepo, sio ukishazama. Na foo wili ya kuunganisha kwa mkono usiitumie kwenye lami kavu, inabana difu na kuumiza gia.

Kupanda. Kabla hujapanda mwinuko usioujua shuka ukauone kwa miguu, wote mshuke, ni sehemu ya matembezi yenyewe. Angalia kule juu njia inakata wapi, kuna jiwe gani, korongo liko upande gani. Kisha chagua 4L, gia ya pili mara nyingi inatosha, ingia taratibu afu shika mwendo mmoja bila kukanyaga kanyaga. Mlima unaupanda wima, ukiukata mshazari gari inaweza kulala ubavu. Gari ikizima katikati au ikishindwa, hapa ndo pa kuwa makini kuliko sehemu zote, usigeuze na usiache ishuke yenyewe frii. Kanyaga breki, vuta hendibreki, weka rivasi ukiwa kwenye 4L, washa, afu shuka kinyumenyume kwenye mstari uleule uliopandia ukiangalia vioo, injini ndo ikushikilie. Ukifika chini unapumua, unajaribu tena au unaacha. Kuacha sio aibu, mlima upo.

Kushuka nako ni hivohivo. Gia ya kwanza kwenye 4L, mguu wa klachi kaa mbali, acha injini izuie. Gari ya otomatiki weka L. Wanaoshuka milima ya huku kwa breki tupu wanafika katikati breki zinanuka, pedali inakuwa laini, hapo mafuta ya breki yameshachemka na gari haishiki tena. Ukisikia ile harufu simama palepale penye usawa, weka jiwe kwenye tairi, pumzika nusu saa, usimwage maji kwenye disiki zikiwa za moto.

Shika usukani na vidole gumba viwe nje, juu ya ukingo, usivizungushe kwa ndani, tairi likigonga jiwe usukani unajizungusha na unaweza kuvunja kidole. Kwenye mabonde kuna vijito, msimu wa kiangazi vingi ni vidogo, ila tembea kwanza ndani ya maji, kama yamefika zaidi ya katikati ya tairi au yanakusukuma miguu, usipitishe gari. Daraja la miti vilevile, likague kwa chini, mtu mmoja tu awe ndani ya gari.

Sehemu yenye mawe au korongo mtu mmoja atangulie mbele awe tandiboi, na sheria ni kwamba dereva anamwangalia huyo mmoja tu. Wote mkipiga kelele kulia, kushoto, hapana, hapohapo, dereva anachanganyikiwa. Asimame mbele kwa mbali, pembeni kidogo, asisimame kamwe kati ya gari na ukuta wa mlima au chini ya mteremko. Mkikwama msiendelee kuzungusha tairi, mnajichimbia. Chimbeni mbele ya tairi, wekeni mawe au mbao, shusheni upepo, jaribuni taratibu. Kamba ya kuvutia ifungwe kwenye ndoano ya chesisi, sio kwenye bampa, na ikishanyooka watu wote wakae mbali, kamba ikikatika inaweza kuua. Wanakijiji watakuja kusaidia, Kigoma watu hawapiti mtu aliyekwama, lakini watoto waondoeni nyuma ya gari.

Ukipita karibu na nyumba au kwenye kahawa iliyoanikwa kwenye vichanja punguza kabisa mpaka vumbi lisitimke, ile kahawa ni ada za shule za watoto wa mtu.

Ukifika sehemu ya kulala usichague ile iliyo juu kabisa kwa sababu ya picha. Kileleni upepo haulali na msimu wa radi uko hatarini, na bondeni chini baridi yote ya usiku inashuka huko na unalowa umande. Bega la mlima ndo penyewe, sehemu iliyo sawa chini ya kilele, yenye vichaka vya kukinga upepo. Usiweke chini ya mti mkavu wala kwenye njia ya ng'ombe. Angalia siafu, kama kuna mstari wao hama, hawahami wao. Mlango wa hema uelekee unakotaka jua la asubuhi likukute, mi huwa naelekeza mashariki. Chini tandika turubai kwanza, juu yake mkeka au godoro la sponji, baridi kubwa inatokea ardhini na sio hewani.

Na baridi ipo kweli, mtu wa mjini asidharau. Kila ukipanda mita 1,000 joto linapungua nyuzi 6 hivi, kwahiyo ukiongeza na upepo wa usiku wa Juni au Julai unahitaji blanketi zito, soksi, kofia na sweta. Hapa nasema kwa msisitizo wote nilionao: usiingize jiko la mkaa ndani ya hema wala ndani ya gari ili kuota, hata kama limebaki makaa tu na hata ukiacha zipu wazi kidogo. Ile hewa yake haina harufu, unasinzia na huamki. Watu wanakufa hivi hivi majumbani, seuze ndani ya hema. Jaza maji ya moto kwenye chupa ngumu, funga vizuri, zungushia kanga, weka miguuni, unalala kama mtoto.

Moto wa kuota uwe nje, mdogo, kama mwenyeji kakubali. Kiangazi nyasi ni kavu, fyeka na futa mpaka udongo uonekane duara la mita mbili, zungushia mawe, maji ndoo moja pembeni. Usikate mti, nunua kuni au mkaa kijijini. Kulala ukiacha moto unawaka hapana, mwagia maji, koroga, mwagia tena mpaka uweze kushika majivu kwa mkono.

Chakula ndo raha yangu. Mjini nunua migebuka iliyobanikwa au dagaa wa Kigoma wakavu, wale weupe safi, mawese kwenye chupa, unga wa muhogo, nyanya, vitunguu, pilipili, ndimu. Huku juu utapata ndizi, viazi na matunda ya msimu barabarani, acha hela kijijini. Maharage yachemshe nyumbani kabisa yaive, kwa sababu juu huku maji yanachemka kwenye nyuzi kama 95, maharage ya kuanzia mwanzo yatakumalizia gesi na usiku utaingia hayajaiva. Ukifika unakaanga kitunguu kwenye mawese, unamwaga nyanya, unarudisha maharage, pembeni dagaa wa kukausha na pilipili, ugali wa muhogo wa moto, mnakaa chini kwenye mkeka mnakula sinia moja huku jua linazama upande wa Kongo, na hapo hamna mtu anakumbuka simu. Kahawa omba au nunua ya hapohapo, wengi wanakaanga na kutwanga wenyewe.

Maji beba lita 5 kwa mtu kwa siku, kunywa na kupikia. Ya kijito chemsha, juu yako kuna nyumba na ng'ombe. Choo chimba kishimo cha kina cha shubiri moja, hatua kama 70 kutoka kwenye maji, fukia.

Baada ya chakula cha mchana usipange kitu. Hapa ndo watu wengi wanaharibu, wanataka waendeshe tena. Acha gari. Tembea na yule kijana mpaka kwenye ukingo mwingine, lala kivulini, cheza bao, piga stori. Jioni vaa suruali ndefu na soksi, kupe wapo kwenye nyasi na mbu wapo pia, hema liwe na neti nzima na dawa ya kupaka uwe nayo. Viatu usiku viweke ndani, asubuhi vikung'ute kabla ya kuvaa.

Ngurumo zikianza, hata kwa mbali, ondokeni kwenye uwazi na chini ya mti uliosimama peke yake, ingieni ndani ya gari mfunge vioo, bati la gari linaupitisha umeme kwa nje kwenda ardhini. Hema sio kinga. Mkae mpaka nusu saa ipite tangu ngurumo ya mwisho.

Asubuhi msikimbilie kuondoka, ukungu ukiwa umelala kwenye mabonde subirini jua liuondoe maana njia haionekani na umande umeifanya iteleze. Chai, ndizi za kuchemsha, kunja hema likiwa limekauka. Okoteni kila kitu, vizibo, pakiti za biskuti, hata ambavyo sio vyenu, viingie kwenye kiroba mrudi navyo mjini, msimwachie mwenye shamba wala msichome plastiki. Mpitie kwa mwenye shamba na kwa mwenyekiti muage, mwambieni mmetoka salama na moto umezimwa.

Mkifika lami simama, toa 4L, fungua zile frii wili za mbele, jaza upepo mpaka 35 tairi zote, kaza nati za tairi moja moja maana njia mbovu inazilegeza. Kisha lala chini uangalie uvungu, nyasi kavu huwa zinajikunja karibu na eksozi na kwenye propela shafti, zikipata moto wa safari ndefu ya lami zinawaka, kwahiyo zitoe zote kwa mkono kabla hujashuka kuelekea Mwandiga. Rejeta nayo ipulize mbegu za nyasi kwa upepo, na breki zijaribu mara mbili tatu kwa mwendo mdogo kabla ya ule mteremko mrefu.